Kisanduku cha vipande 790 hakijengi nyumba ya Mjerumani

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kisanduku kikubwa cha LEGO Classic, yale matofali ya plastiki ya kuchezea, namba 10698, kina vipande 790 vya rangi 33. Mtoto wa miaka minne na kuendelea akipewa hicho atashukuru. Lakini ukikinunua kwa nia ya kutengeneza mfano wa nyumba ya kale, zile za kuta nene za mawe, baraza pana na paa la bati alizoziacha Mjerumani ukanda huu wa Ziwa Victoria, umepotea njia dukani kabla hujafika mezani. Gawanya 790 kwa 33: ni kama vipande 24 kwa kila rangi. Ukuta wa nyumba ya kawaida ya aina hiyo unataka vipande karibu 400 vya rangi moja. Hata kama vyote 24 vingekuwa vya ukutani, ambavyo sivyo, ungehitaji visanduku 17 ili nyumba isionekane kama kanga.

Hilo si kosa la kisanduku. Kimetengenezwa ili mtoto abuni, naye hubuni kwa rangi. Anayeiga jengo lililopo anahitaji kitu kimoja kwa wingi, na wingi huo hauko kwenye kisanduku chochote cha mchanganyiko. Kwa hiyo tathmini hii inapima njia nne za kupata matofali kwa kazi moja tu: nyumba ya enzi ya Mjerumani, kwa kipimo cha 1:50. Njia hizo ni kisanduku cha mchanganyiko, kisanduku cheupe cha Architecture Studio, matofali yasiyo na jina yanayouzwa kwenye vibanda vya mjini, na kuagiza kipande kimoja kimoja.

Kwa nini 1:50? Kwa sababu ya hesabu. Kutoka kifungo hadi kifungo (vile vidude vya duara juu ya tofali) ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na bapa, kile kipande chembamba, milimita 3.2, hivyo bapa tatu ni tofali moja. Ukizidisha kwa 50, kifungo kimoja ni sentimita 40, tofali ni sentimita 48, na bapa ni sentimita 16. Sasa nenda kapime ukuta wa mawe wa nyumba ya zamani: unene wa sentimita 40 au zaidi kidogo si ajabu. Ukuta wa tofali wa kifungo kimoja unakaa hapo hapo. Kidato cha ngazi ni sentimita 16 hadi 18: bapa moja. Nyumba ya leo ya bloku za inchi sita haiwezekani kwa kipimo hiki, kuta zake zitaonekana kama za gereza. Kwa bahati, ujenzi wa kale na tofali la kuchezea vinaelewana kuliko ujenzi wa sasa.

Kajitu ka Lego kana kimo cha sentimita 4, yaani mita 2 kwenye 1:50, na upana wa pipa. Kaache nje ya mfano.

Upimaji wenyewe ni wa futikamba na daftari. Boma la Kijerumani Mwanza lilianza 1892 na Waingereza wakauchukua mji mwaka 1916, kwa hiyo unachotafuta ni majengo ya kati ya miaka hiyo. Ujerumani ilishahamia mita tangu 1872, wakati Mwingereza aliyefuata alijenga kwa futi, na tofauti hiyo ikusaidie kutambua kipi ni cha asili na kipi kiliongezwa: chumba kinachotoka mita kamili na chumba cha pembeni kinachotoka futi kumi kamili huenda havikujengwa na mkono mmoja. Gunzert House, yenye jina la Theodor Gunzert aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Mwanza zama za Mjerumani, ndiyo inayotajwa zaidi mjini, lakini usijifunge nayo. Jengo lolote la zama hizo linafaa, mradi umeomba ruhusa ya kupima na umepiga picha kila upande ukiwa umeegemeza fimbo ya mita moja ukutani.

Ili hesabu zishikike, tuchukue nyumba ya mita 14.4 kwa 9.6, kimo cha ukuta mita 3.84. Kwa 1:50 inatoka vifungo 36 kwa 24, kozi 8 za matofali. Kozi moja ya kuzunguka inakula vifungo 116, kozi nane 928. Toa madirisha manane ya vifungo 2 kwa kozi 3, toa milango miwili ya vifungo 3 kwa kozi 5, unabaki na 850. Ongeza kuta mbili za ndani za kukata nyumba, vifungo 22 kila moja kwa kozi nane, 352. Jumla kama 1,200.

Orodha ya kununua basi ni hii: tofali la 1 kwa 4 (namba 3010) vipande 250, la 1 kwa 2 (3004) vipande 70, la 1 kwa 3 (3622) vipande 25, na la kifungo kimoja (3005) vipande 45. Haya ya kifungo kimoja ndiyo watu huyasahau, na ndiyo yanayoufanya ukuta uwe ukuta. Fundi mwashi anaelewa mara moja: viungio vya kozi ya juu visiangukie juu ya viungio vya kozi ya chini. Kozi ya kwanza, upande mrefu unajaa matofali tisa ya vifungo vinne. Kozi ya pili, kona zinachukuliwa na upande mfupi, kwa hiyo upande mrefu unabaki na vifungo 34 katikati. Ukianza na tofali la vine moja kwa moja, kiungio kinapishana kwa kifungo kimoja tu na ukuta unachezacheza. Anza na tofali la kifungo kimoja, fuata na manane ya vine, malizia na la kifungo kimoja. Viungio vyote vinapishana kwa vifungo viwili, katikati kabisa ya tofali la chini. Upande mfupi unafuata kanuni ileile: ukiwa mzima ni sita ya vine, ukibanwa katikati ni moja, matano ya vine, moja. Nyumba ambayo vipimo vyake vinagawanyika kwa nne hujengeka hivi bila kukuna kichwa, na ndiyo maana inafaa kusogeza kipimo kwa sentimita 20 huku au kule kuliko kung'ang'ania usahihi wa karatasini. Atakayekuja na rula kwenye mfano wako bado hajazaliwa.

Architecture Studio, namba 21050, ilitoka 2013 ikiwa na vipande 1,210, vyote vyeupe au vya kupitisha mwanga. Hicho kinaanza kuongea lugha ya kazi hii. Ukuta wa chokaa ni mweupe, na ukishakuwa na rangi moja macho yanaacha kuhangaika na kuanza kuona umbo. Kwa kujaribu uwiano wa baraza na nyumba, au kuona kama dirisha likae kozi ya tatu au ya nne, hakuna kisanduku kilichonishawishi zaidi. Kasoro yake kwa kazi yetu iko juu: si kisanduku cha mapaa. Ukitegemea hicho peke yake utaishia na nyumba nzuri ya ghorofa isiyo na paa, kama nusu ya nyumba za Buswelu. Kinunue kama daftari la mchoraji, si kama lori la vifaa.

Sasa vibandani. Hataza ya tofali ya mwaka 1958 ilishakwisha zamani, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kutengeneza tofali linaloshikana na la Lego. Mengine yanafaa, mengine ni uchafu, na kwa macho hayatofautiani. La asili lina neno LEGO limechapwa juu ya kila kifungo. Kwenye kisanduku picha yaweza kuigwa, lakini angalia vifungo vyenyewe. Kama hakuna neno, au kuna neno jingine, usikimbie, pima.

Kipimo cha kwanza: panga matofali 10 kwenda juu. Ukiacha kifungo cha juu kabisa, mnara uwe milimita 96. Ukipata 97, kila kozi nane za ukuta wako zitazidi, na dirisha la kununua halitakaa kwenye tundu lake. Kipimo cha pili ni muhimu zaidi. Tofali la asili la vifungo vinne halina urefu wa milimita 32 kamili, lina 31.8. Ile milimita 0.2 ni nafasi ya kupumulia, ili mawili yakikaa bega kwa bega yasisukumane. Mwigaji asiyejua hilo hutengeneza 32 au zaidi. Likizidi kwa milimita 0.05 tu hulioni, lakini kwenye upande wa matofali tisa kosa limefika karibu nusu milimita, na hapo ukuta unapinda tumbo kuelekea nje katikati, ukiubana hapa unafunguka kule. Watu hulaumu mikono yao. Kwa hiyo chukua bapa ndefu au bamba la kujengea unaloliamini, panga matofali tisa mstari mmoja, kisha weka kozi ya pili juu. Ikikubali kushuka kote bila kubanwa kwa kidole gumba, nunua.

Kipimo cha tatu ni cha kushika. Unganisha mawili kwa vifungo viwili tu, yashike kwa tofali la juu na uyatikise. Yakiachana, hayafai kwa paa. Yasipoachana hata kwa kucha, hayo nayo ni balaa, maana kazi hii inabomolewa na kurudiwa mara tano.

Hukumu ya vibandani: yaliyofaulu vipimo viwili vya kwanza yatumie kwa kuta za ndani, kiini cha mwamba (tutaufikia mbele) na nguzo za ndani ya paa. Ukuta wa nje upe matofali ya chapa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kamwe usichanganye chapa mbili ndani ya kozi moja, hata kama rangi zinafanana mchana, taa ikiwaka usiku zinaachana: moja inakuwa maziwa, nyingine inakuwa uji.

Tukifika kwenye paa ndipo pesa inapoonekana imekwenda wapi. Dukani na vibandani utapewa vipande vya mteremko vinavyoitwa vya nyuzi 45. Ukivipandisha kozi kwa kozi, kila kimoja kinaingia ndani kifungo kimoja, milimita 8, na kupanda milimita 9.6. Huo si mteremko wa 45, ni wa 50. Kwa nyumba yetu paa litapanda karibu mita sita kwenye ukuta wa mita nne kasoro. Utakuwa umejenga kanisa. Bati la zamani lina mlalo wa upole zaidi, na kipande chake ni kile kinachoitwa cha nyuzi 33: kinaingia vifungo viwili na kupanda tofali moja, kwa hakika nyuzi 31. Hicho ndicho. Namba 3297 ni cha upana wa vifungo vinne, na 3675 ni cha kona ya paa la pande nne.

Kabla ya kuagiza, rekebisha upana wa paa. Kila kozi inapunguza vifungo viwili kila upande, yaani vinne kwa jumla, na kofia ya juu ina upana wa vifungo viwili. Kwa hiyo upana wa paa ukigawanywa kwa nne ubaki wa pili. Ishirini na nane inakataa: utafika juu ukute tundu la vifungo vinne lisilo na kipande cha kuliziba, na hakuna atakayekuonea huruma. Ishirini na sita inakubali. Nyumba yetu ina 24, ukichomoza mwisho wa bati nje kwa kifungo kimoja kila upande (sentimita 40, sawa kabisa na hali halisi) unapata 26, na urefu 38.

Kozi zinakuwa sita: 38 kwa 26, 34 kwa 22, 30 kwa 18, 26 kwa 14, 22 kwa 10, na 18 kwa 6. Toa kona nne kwenye kila kozi, kila kona inakula vifungo vitatu kila upande. Pande ndefu zinabaki na vipande 8, 7, 6, 5, 4 na 3 vya vifungo vinne, na pande fupi 5, 4, 3, 2, 1, na kozi ya mwisho hakuna. Zidisha kwa mbili: vipande 96 vya 3297 na kona 24 za 3675. Kofia ina urefu wa vifungo 14: vipande vitatu vya 3299 na kimoja cha 3300. Hakuna kipande cha kukata, na kwa kuwa kila kozi inaanza vifungo viwili ndani zaidi, viungio vinapishana vyenyewe. Hesabu ikitoka hivi mara moja maishani, mtu anasamehe mengi.

Kinachoharibika ni uzito wa ndani. Kipande cha nyuzi 33 kimeshikwa na mstari mmoja tu wa vifungo upande wa nyuma wa kilicho chini yake, kwa hiyo kila kozi inaning'inia kuelekea ndani mpaka ya upande wa pili iikute. Kufikia kozi ya nne paa linaanza kuzama katikati, kama bati lililokosa kenchi. Dawa ni ileile ya fundi seremala. Kwanza funga mkanda wa bapa juu ya ukuta, upana wa vifungo viwili, tabaka mbili zilizopishana viungio: bapa za 2 kwa 8 zipatazo 30. Mkanda huu ndio lenta na ndio fashaboda kwa pamoja. Pitisha boriti tatu za bapa kutoka upande hadi upande, kila baada ya vifungo nane hivi. Juu ya kila boriti, katikati, simamisha nguzo ya matofali matano ya 2 kwa 2, nayo itakuja kukuta kozi ya sita kwa chini. Pembeni, nguzo fupi za matofali mawili kushika kozi ya tatu. Hapo ndipo zile rangi 33 za kisanduku cha Classic zinapata kazi: hakuna atakayeona nguzo ya zambarau ndani ya paa.

Mkanda huo usiushikize kwenye ukuta wote. Juu ya kozi ya nane weka bapa laini, zisizo na vifungo, isipokuwa sehemu nane ambapo unaweka bapa za kifungo kimoja. Paa linakaa imara lakini linanyanyuka lote kwa mikono miwili, na mgeni anaona vyumba. Ukiacha vifungo vyote 116 wazi, siku utakayotaka kulifungua utainua paa pamoja na madirisha.

Bati lenyewe lina mawimbi, na vipande vya mteremko havina. Kwa paa kuu acha hivyo, jicho linakubali. Kwa baraza, ambalo liko mbele na linaangaliwa kwa karibu, kuna bapa ndogo yenye michirizi, 1 kwa 2, namba 2412. Ipange michirizi ikielekea chini na utaona bati la zamani kabisa, hasa ukichanganya kijivu na chache za kahawia nyekundu kwa kutu. Ugumu ni idadi: baraza la vifungo 36 kwa 6 linakula 108. Rangi ya kutu isizidi kimoja kwa kumi, na iwe karibu na mwisho wa bati maji yanapotuama, si katikati ya paa kama madoa ya chui. Mteremko wa baraza unatoka kwa bawaba za bapa, nyuzi 15 au 20.

Nguzo za baraza zikiwa za mawe, tofali la duara la kifungo kimoja (3062) matano kwenda juu ni mita 2.4. Nguzo sita zikikaa kila baada ya vifungo saba zinajaza upande wote kutoka kona hadi kona bila kubaki nusu. Zikiwa za mbao, tumia fimbo ya milimita 3.2, ambayo ni mti wa sentimita 16. Madirisha nayo nunua yaliyotengenezwa, usihangaike.

Msingi wa mawe una kipande chake maalumu, 98283, tofali la 1 kwa 2 lililochorwa mistari ya uashi. Kwa kozi mbili za kuzunguka ni vipande 116, kimo cha sentimita 96, na ngazi ya mbele inatoka bapa sita. Ukutani usikitumie, lipu ya chokaa haina mistari.

Mwamba ndio Mwanza yenyewe, na hapo hata wataalamu wa visanduku hawatusaidii. Chukua seti ya Fallingwater, namba 21005 ya mwaka 2009, vipande 811: nyumba iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright huko Pennsylvania, Marekani, iliyojengwa juu ya maporomoko kwa ajili ya familia ya Kaufmann kati ya 1936 na 1939. Kwenye nyumba halisi jiwe la mlimani limeachwa lichomoze sebuleni kando ya meko, jambo ambalo mkazi wa Bugando au Mabatini hataliona geni. Kwa kujifunza namna ya kutoa baraza hewani bila nguzo, seti hiyo ni shule. Kwa mwamba, itakupotosha. Mawe ya kule ni ya mchanga, yamelala tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo bapa zilizopangwa ngazi ngazi zinayafaa. Mawe yetu ni matale: yalipasuka, kona zikaliwa na maji na hewa chini ya udongo, yakabaki mviringo, moja limekalia jingine kama Bismarck Rock pale majini. Ukiyapanga kwa bapa utapata mlima wa Ulaya. Vile vipande vikubwa vya mwamba vilivyofinyangwa tayari navyo ni hivyo hivyo, vina ncha kali.

Jenga kiini tupu kwa matofali ya 2 kwa 4 ya rangi yoyote, kisha kizungushie matofali yenye kifungo ubavuni (87087) kila upande, na juu ya vifungo hivyo bandika vipande vya mgongo wa mviringo. Rangi ziwe tatu: kijivu chepesi kwa wingi, kijivu kizito kwenye mstari wa chini na nyufa, na malai kidogo upande unaopigwa na jua. Kumbuka bapa tano zikilazwa ubavu zinajaza vifungo viwili kamili: tano mara 3.2 ni 16. Bila hesabu hiyo mwamba unabaki na mianya inayoonyesha tumbo la rangi za Classic. Jiwe moja kubwa likae limeegemea jingine kwa sehemu ndogo, lionekane linataka kuanguka. Kama halitishi, si la Mwanza.

Bamba la vifungo 48 kwa 48 ni sentimita 38.4 kila upande na linatosha nyumba, baraza na mwamba mdogo, lakini ni jembamba na linapinda likiinuliwa. Liweke juu ya plaiwudi ya milimita 12.

Anayefikiria msonge wa Kisukuma, kama zile nyumba za Bujora, ajue anaingia shughuli nyingine. Ukuta wa duara unapatikana kwa kupokezanisha tofali la 1 kwa 2 na la duara la kifungo kimoja, mpaka mnyororo ukubali kupinda, na nyasi za paa hakuna kipande kinachoziiga kwa heshima.

Njia ya nne, kuagiza kipande kimoja kimoja kwenye mtandao wa BrickLink (uliochukuliwa na LEGO mwaka 2019), ndiyo ninayoipa alama za juu, pamoja na usumbufu wake. Programu yao ya Studio ni ya bure, unajenga nyumba yote kwenye kompyuta, nayo inakutolea orodha ya vipande na rangi. Usiruhusu orodha igawanyike kwa wauzaji saba ili kuokoa senti, kwa sababu kila mfuko unalipa usafirishaji wake, na ukifika Dar unaweza kukutana na ushuru wake. Wauzaji wawili wanatosha: mmoja wa kuta, mmoja wa paa. Programu ina mtego mmoja: inakubali kipande katika rangi ambayo hakijawahi kutengenezwa. Kabla ya kupenda paa la rangi fulani, hakikisha 3675 ipo katika rangi hiyo na ipo 24 kwa muuzaji mmoja. Anza na kona, kisha ndipo uchague rangi ya paa. Agiza kona 26.

Gundi usiweke. Ile ya haraka hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na kwenye kioo cha dirisha hautoki. Mfano usikae dirishani: jua hugeuza nyeupe kuwa njano. Wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi na kuingia ndani, hufia kati ya vifungo, na brashi ya rangi ya inchi moja inawatoa wakiwa wamekauka, si wabichi. Ukiosha, maji yasizidi nyuzi 40, na vipande vikauke kivulini.

Na ukiusafirisha, iwe kwa kivuko kwenda Ukerewe au kwa basi kwenda Bukoba, paa lisafiri kwenye boksi lake, limelala kichwa chini juu ya taulo, na zile nguzo za matofali matano zikiangalia juu.